Usiache Mbachao: Mafundi wa Kompyuta na Elimu ya Kufundisha Mashine

Wazee wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Ni usia mzito, na kila zama huja na msala wake. Msala wa zama hizi ni elimu ya kuzifundisha mashine, ambayo wataalamu huihesabu kuwa tawi la akili bandia, na ambayo imewakosesha usingizi vijana wetu wengi walio mafundi wa programu za kompyuta. Kijana amesoma chuo kikuu miaka minne, amejifunza kuandika programu, amepata kazi Mombasa au Nairobi, ameanza kuwatazama wazee wake. Mara asikia kwamba kazi aliyoisomea yazeeka, na kwamba mwenye akili sharti ahame upesi. Ahame aende wapi? Ahame vipi? Na akishahama, je, ile elimu ya kwanza itakuwa imekwenda na maji?

Maswali haya si ya vijana peke yao. Ni ya wazazi waliojinyima ili mtoto asome, na ni yetu sote tunaokisema Kiswahili, kwa sababu nitakazozieleza huko mbele. Maoni yangu nayataja mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta njiani: kuhama kwafaa, lakini si kuhama kwa kuikimbia kazi ya kwanza. Ahamaye vizuri ni yule auchukuaye mbacha wake kwapani, akaenda nao huko aendako. Tena mzigo ulio mzito zaidi katika safari hii si hesabu, kama wengi wadhanivyo. Ni kukubali kuwa mwanafunzi tena baada ya kuzoea kuitwa fundi.

WAZEE WAWILI WA BAGHDAD

Ili tufahamu tofauti ya kazi hizi mbili, hebu turudi nyuma hadi Baghdad ya karne ya 9, zama za makhalifa wa Bani Abbasi. Katika mji huo aliishi bingwa wa hesabu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Mnamo mwaka 820 hivi aliandika kitabu chake mashuhuri cha al-jabr, ambacho ndicho kilichoipa elimu ya aljebra jina lake. Sehemu kubwa ya kitabu hicho yahusu mirathi: mtu amefariki, ameacha mke, watoto, deni na wasia, kila mwenye haki apate fungu gani? Al-Khwarizmi alionyesha namna ya kulifikia jibu hatua kwa hatua, kiasi kwamba yeyote azifuataye hatua zile atapata jibu lile lile. Watu wa Ulaya walipokitafsiri kitabu chake kingine cha hesabu kwa Kilatini, jina lake waliliandika Algoritmi, na hapo ndipo lilipozaliwa neno algorithimu, yaani mpango wa hatua za kufuatwa. Basi huyo ndiye mzee wa mafundi wa programu. Fundi huijua kanuni kwanza, akaiandika, na kompyuta ikaitii.

Katika mji huo huo na karne hiyo hiyo aliishi mwanachuoni mwingine, Yaaqub bin Is-haq al-Kindi. Yeye aliandika risala juu ya kuzifumbua barua za siri, zile ambazo herufi zake zimebadilishwa ili adui asizisome. Njia yake ilikuwa hii: chukua maandishi ya kawaida ya lugha ile ile, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha hesabu alama zilizomo katika barua ya siri, ulinganishe. Alama itokeayo zaidi ya zote huenda ndiyo ile herufi ipendwayo zaidi katika lugha. Tazama vizuri jambo hili. Al-Kindi hakupewa kanuni ya siri na mtu yeyote. Aliitoa kanuni katika ushahidi, kwa kuhesabu na kulinganisha. Basi huyo nami namwita mzee wa wale wafundishao mashine.

Yaliyofuata ni kukua kwa mbegu hizo mbili. Mwaka 1959 Arthur Samuel, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha habari za programu yake ya kucheza dama. Samuel hakuiandikia kompyuta kila hila ya mchezo. Aliiacha ijipime kwa michezo mingi na kujirekebisha, na ni yeye aliyelieneza jina la elimu hii ya mashine kujifunza.

Kwa mfano wa nyumbani, tuseme wataka kompyuta iwatambue samaki kwa picha, huyu changu, huyu tafi, huyu nguru. Fundi wa mtindo wa al-Khwarizmi ataketi aandike: akiwa na mkia wa namna hii na magamba ya rangi hii, ni changu. Ataandika mistari elfu, kisha italetwa picha ya changu aliyelazwa kiubavu, nusu yake imefunikwa na barafu, na kanuni zote zitavunjika. Mwenye njia ya al-Kindi atakusanya maelfu ya picha, kila moja imeandikwa jina la samaki wake, na kuiacha mashine itafute yenyewe alama za kuwatofautisha. Njia hii ilishangaza ulimwengu mwaka 2012, pale Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliposhinda shindano la kutambua picha. Mashine yao ilifundishwa kwa picha zipatazo milioni 1.2, na makosa yake yalikuwa asilimia 15.3, ilhali aliyeshika nafasi ya pili alikuwa na asilimia 26.2. Tangu siku ile mafundi wengi walianza kuitazama kazi yao kwa jicho jingine.

KOSA LISILOPIGA KELELE

Sasa, kijana aliyezoea kuandika programu akiingia katika kazi hii hukutana na jambo la kumvunja moyo. Programu ya kawaida ikikosewa hulalamika. Husimama, hukataa, huonyesha mstari ulio na kasoro, na fundi huenda akautengeneza. Mfumo uliojifunza haulalamiki. Unakosea na kuendelea, tena kwa ujasiri, na jibu la uongo linatoka na sura ile ile ya jibu la kweli.

Kuna kisa kimoja ambacho kila ahamaye anapaswa kukijua. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walijaribu kuzifundisha mashine zikadirie ni mgonjwa gani wa nimonia aliye katika hatari ya kufa, ili alazwe hospitalini, na ni yupi awezaye kurudi nyumbani. Moja ya mashine hizo ilijifunza jambo la ajabu: kwamba mgonjwa wa nimonia aliye pia na pumu hatari yake ni ndogo. Daktari yeyote atakwambia ni kinyume. Lakini mashine haikusema uongo juu ya kumbukumbu ilizopewa. Katika hospitali zile wenye pumu walikuwa wakipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, wakaangaliwa usiku na mchana, na kwa hiyo wengi walipona. Mashine iliuona uponyaji, haikuiona sababu. Rich Caruana na wenzake waliieleza habari hii tena mwaka 2015, wakionya kwamba mfumo wa namna hiyo, lau ungeachiwa kuamua, ungeweza kuwarudisha nyumbani watu waliostahili kulazwa. Hapakuwa na mstari wa programu uliokosewa. Kosa lilikuwa katika kuusoma ushahidi.

Kisa cha pili chatugusa sisi Waafrika usoni hasa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima mashine tatu zilizokuwa zikiuzwa, ambazo kazi yake ni kutazama uso na kusema kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, makosa yalifika asilimia 34.7. Wenye mashine hizo walikuwa na mafundi hodari, na programu zao zilifanya kazi kama walivyozipanga. Mashine inayoona nyuso nyingi za watu wa namna moja itawajua hao, na wengine itawabahatisha.

Ndiyo maana desturi ya kazi hii ni kuigawa data mafungu. Fungu moja mashine hujifunzia, na fungu jingine hufichwa kabisa lisionwe mpaka siku ya kupimwa. Sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa sana maana ya mtihani uliovuja. Mwanafunzi aliyeyaona maswali usiku uliotangulia atapata alama za juu, na hatujui kama amejua kitu. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Na mara nyingi anayeuvujisha mtihani bila kukusudia ni fundi mwenyewe, kwa kuchanganya mafungu mawili au kuacha jibu limejificha ndani ya swali. Kwa hiyo fundi aliyezoea kujiuliza, "Je, programu yangu yakimbia?" sharti ajifunze kujiuliza swali jingine, "Nitajuaje kwamba imejua?" Hilo swali la pili ndilo kazi yenyewe. Asiyelipenda asihame, na si aibu kwake.

MTAKA CHA MVUNGUNI

Wengi wadhani kwamba kizuizi ni hesabu. Hesabu ipo, sikatai. Yahitajiwa aljebra ya majedwali ya namba, kwani picha, sauti na maneno yote yakiingia ndani ya mashine huwa namba zilizopangwa safu kwa safu. Yahitajiwa elimu ya uwezekano na takwimu, ili mtu ajue tofauti ya dalili na bahati. Na yahitajiwa kalkulasi, ambayo nitaieleza kwa mfano wa baharini. Nahodha wa zamani asiyeijua bahari aliyomo hutupa bildi akapima kina, akasogea kidogo, akapima tena, mpaka apate mkondo wa maji mengi. Mashine nayo hupima kosa lake, ikasogea kidogo upande ule ambako kosa lapungua, ikapima tena, mara maelfu kwa maelfu. Kalkulasi ndiyo imwambiayo ni upande gani. Mtu aliyefaulu hesabu za sekondari na asiyezionea haya kuzirudia ataweza.

Kizuizi kikubwa ni kingine, na shahidi wangu ni mtu ambaye hakuna atakayemwita mzembe. Greg Brockman alikuwa mkuu wa ufundi katika kampuni ya Stripe huko Marekani, kisha mwaka 2015 akawa mmoja wa waanzilishi wa OpenAI. Alikuwa mhandisi wa programu wa kusifiwa, amezungukwa na mabingwa wa elimu hii asubuhi na jioni. Hata hivyo, mwaka 2019 aliandika kwamba kwa miaka 3 ya mwanzo aliitamani elimu hiyo bila ya kusogea mbele kwa maana. Aliposogea, alikiri kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa ndani ya moyo wake: kuridhika kuwa mwanafunzi tena. Alipoketi chini akajifunza kwa bidii, lile lililomshinda kwa miaka lilianza kulegea kwa miezi.

Hapa ndipo nionapo kwamba sisi watu wa pwani tuna akiba ambayo hatuijui thamani yake. Kwetu si ajabu mzee wa miaka sitini, mwenye duka na wajukuu, kuketi darasani baada ya sala akamsikiliza mwalimu aliye mdogo kuliko mwanawe, tena akamwita "maalim" kwa heshima zake zote. Haoni kwamba ameshushwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa kutafuta elimu hakujamvunja mtu mgongo. Basi yawaje kijana wa miaka thelathini aone haya kumuuliza mwenzake wa miaka ishirini na mbili maana ya neno, ati kwa kuwa kazini anaitwa mhandisi mkuu?

KISANDUKU KIDOGO KATIKATI

Nimesema kwamba mbacha usiachwe, na sasa nitaleta ushahidi. Mwaka 2015 wahandisi wa Google, wakiongozwa na D. Sculley, waliandika makala juu ya madeni yaliyofichika katika mifumo inayojifunza. Ndani yake mna mchoro mmoja ambao umekuwa mashuhuri. Ni masanduku mengi makubwa, na katikati kisanduku kimoja kidogo cheusi. Kisanduku hicho kidogo ndicho sehemu ya kujifunza yenyewe. Masanduku makubwa yanayokizunguka ni kukusanya data, kuihakiki, kupanga mashine za kazi, kuufikisha mfumo kwa watumiaji, na kuuangalia usiharibike.

Na hayo masanduku makubwa ni kazi ya nani kama si ya fundi wa programu? Yeye ndiye ajuaye kuandika kitu ambacho mwingine aweza kukisoma mwakani. Ndiye ajuaye kuweka kumbukumbu ya kila badiliko, kupima kabla ya kutoa, na kuamka usiku mfumo ukizimika. Aliyesoma hesabu tupu hodari wake huishia kwenye karatasi, na mengi anayoyabuni hayafiki kwa mtu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani; hata bingwa wa akili bandia mwisho wake hurejea kwenye ufundi wa kuunda kitu kisimame.

Kwa hiyo nawashauri vijana waanze kuhama kwa mlango wa karibu. Kazini kwako mna data ambayo waijua kuliko mgeni yeyote. Ukiwa katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, wajua ni karatasi gani huchelewesha kontena na kwa nini. Ukiwa katika hospitali, wajua kwamba tarehe fulani zilijazwa kwa kubahatisha. Omba ruhusa, chagua swali moja dogo, lijaribu kwanza kwa hesabu rahisi kabisa ya wastani, kisha tazama kama mashine iliyofundishwa yaishinda hesabu hiyo. Mara nyingine haitaishinda, na kuligundua hilo ni kujifunza kukubwa. Lakini kumbuka kwamba data ya watu ni amana. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata bila ya sheria, siri ya mgonjwa si bidhaa ya mtu kufanyia mazoezi.

WAUZAO NJIA YA MKATO

Msala huu mpya umewaletea riziki watu wengi wasioujua. Wapo wauzao vyeti vya wiki sita, na wapo waahidio mishahara ya Ulaya kwa mtu ambaye hajagusa hesabu tangu kidato cha nne. Haraka haraka haina baraka. Msomaji asiyatie akilini mahesabu ya miezi ya Brockman: yeye alisoma kazi yake ikiwa ni hiyo hiyo, mshahara waingia, na mabingwa wako chumba cha pili. Kijana wetu mwenye kodi ya nyumba na ada ya mdogo wake atasoma saa mbili usiku, na itamchukua mwaka au miaka miwili. Ni sawa. Asiache kazi kabla ya kupata nyingine. Mwenye kutegemewa na watu saba hana ruhusa ya kucheza kamari na mshahara wao.

Isitoshe, mlango mkubwa wa elimu hii u wazi, tena bila malipo. Mwaka 2011 Andrew Ng wa Chuo Kikuu cha Stanford alilitoa somo lake kwa intaneti, na watu zaidi ya 100,000 wakajiandikisha. Mwaka 2016 Jeremy Howard na Rachel Thomas walianzisha fast.ai, masomo yaliyokusudiwa hasa watu wanaojua tayari kuandika programu. Hapa barani, mkutano uitwao Deep Learning Indaba ulianza Johannesburg mwaka 2017 na ukafanyika Nairobi mwaka 2019. Na mjini Kigali ilianza shahada ya uzamili ya elimu hii mwaka 2018 katika taasisi ya AIMS. Mtu akitaka kununua cheti kwa bei ya pikipiki, na ajiulize kwanza anachonunua ni elimu au ni karatasi.

Kuna na hatari nyingine, ambayo naiona kubwa zaidi. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili kusoma na kupanga maandishi machafu ya ukatili na unajisi, kusudi mashine ifundishwe kuyakataa. Maelfu ya Waafrika wameingia katika akili bandia kwa mlango huo wa nyuma. Hawakupewa nafasi ya kuamua mashine ijifunze nini. Walipewa uchafu wauchambue. Siwalaumu walioifanya kazi hiyo, maana tumbo halina subira. Nasema tu kwamba taifa linalotoa wachambuzi wa data bila ya kutoa wahandisi wake litabaki kibarua katika shamba la mwingine. Fundi wetu anayejitaabisha kuvuka ng'ambo hii hajisaidii peke yake.

NI NANI ATAKAYEIFUNDISHA KISWAHILI CHETU?

Hili ndilo lililonifanya niliandike jambo hili katika ukurasa wa utamaduni. Mashine hujifunza kutokana na yaliyoandikwa na yaliyorekodiwa. Lisiloandikwa kwake halipo.

Kazi ya kukiingiza Kiswahili katika kompyuta haikuanza jana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Ufini, aliianza mwaka 1985, na mfumo wake uitwao SALAMA ulijengwa kwa njia ya kanuni: ngeli, viambishi na mnyambuliko wa vitenzi viliandikwa kimoja kimoja, kwa subira ya kupigiwa mfano. Miaka ya karibuni njia ya ushahidi imeshika uongozi. Mwaka 2019 lilianza kundi la watafiti wa Kiafrika liitwalo Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya kujenga kwa pamoja, na mwaka uliofuata wakatoa kazi juu ya tafsiri kwa mashine katika lugha zaidi ya 30 za bara letu. Hapa Kenya, vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene vilishirikiana katika mradi wa Kencorpus, kukusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Ni kazi njema, wapewe heko.

Lakini Kiswahili kilichojaa katika data hizo aghalabu ni kile cha magazeti na vitabu vya shule. Je, Kimvita? Je, Kiamu na Kibajuni? Mama wa Mji wa Kale akimwita mjukuu wake, "Ndoo!" mashine iliyolelewa kwa Kiswahili cha vitabu yaweza kufikiri kwamba aitisha chombo cha kutekea maji. Itafanya nini na "mato" yaliyo macho, na "ndia" iliyo njia? Itasema kwamba bibi amekosea. Na watoto wetu, wakizoea kuiuliza mashine kila jambo, watasadiki kwamba bibi amekosea. Lugha hufa hivyo, bila ya mtu kuipiga vita.

Tena kuna hazina ya maandishi. Kabla ya herufi za Kilatini, wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na hati nyingi za namna hiyo zimehifadhiwa katika maktaba, zikiwamo za SOAS huko London. Kuifundisha mashine izisome hati hizo ni kazi inayomtaka mtu ajuaye mambo matatu kwa pamoja: ufundi wa programu, elimu ya kufundisha mashine, na herufi zenyewe zikiwa na sauti ya Kiswahili ndani yake. Mtaalamu wa California ana mawili ya kwanza. La tatu analo kijana wetu aliyepelekwa chuoni akiwa na miaka mitano, akasoma alifu na bee ubaoni kabla hajaijua a na be ya shule. Hilo ni fungu lake la mirathi, na hakuna awezaye kumnyang'anya ila yeye mwenyewe akilidharau.

HOFU SI DIRA

Najua wapo watakaoniuliza: mbona watu waambia vijana wahame kwa kuwa mashine zenyewe sasa zaandika programu? Ni kweli kwamba tangu kutoka kwa ChatGPT mwezi Novemba 2022, mifumo hii imekuwa hodari wa kuandika programu za kawaida, na mafundi wana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini hofu haijawa dira ya nahodha yeyote. Ahamaye kwa kuogopa atahama tena mwakani, kwani upepo hauishi kugeuka. Programu iliyoandikwa na mashine nayo yataka mtu wa kuisoma, kuipima na kuibeba dhima yake. Kwa hiyo aliyeipenda kazi yake ya kwanza abaki, azidi kuinoa, na asikubali kudharauliwa.

Anayefaa kuhama ni yule ambaye lile swali la "nitajuaje?" limemkaa kichwani, na ambaye yuko tayari kuinama. Huyo na aende, asiogope umri wala wenzake. Aende na ufundi wake wote, kwani masanduku makubwa yamngoja. Aende na lugha ya mama yake, maana huko hakuna wa kuisemea. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na mashine hizi zinazotustaajabisha ziliundwa na watu waliokubali kuanza na alifu. Wazazi nao wamvumilie wamwonapo mtoto wao mkubwa, aliye na kazi na mshahara, amekesha tena juu ya kitabu cha hesabu cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.